Mkunga wa Chumba cha Samaki

Jina la Mkunga alipachikwa na walinzi wa getini kwa utani, na kama ulivyo utani wa getini, likaganda kuliko lile la kwenye kitambulisho. Kila asubuhi walimwona akiingia kabla ya wenye vyeo, mkoba begani, viatu vya mpira mkononi.

"Leo wanajifungua wangapi?" mlinzi mmoja huuliza.

"Mia tatu. Na hakuna hata mmoja anayepiga kelele kama mkeo."

"Kumbe mke wangu anasikika mpaka kwenu?"

"Anasikika mpaka kwa samaki."

Wakicheka, yeye alishapita. Hakuna aliyewaza kwamba mtu anaweza kuitwa Mkunga kila siku ya Mungu na jina lenyewe likawa linamkwaruza ndani kwa ndani, kama mchanga kwenye soksi. Maana mwanamke huyu alikuwa amebeba mimba tatu, na nyumbani kwake hapakuwa na mtoto.

Kazi yake ilikuwa chumba cha samaki katika taasisi ya utafiti. Usiwaze samaki wa kukaanga. Ungewakaanga hawa wote na bado ungelala na njaa. Ni visamaki vyembamba vyenye milia, vikikaa kwenye matangi ya plastiki yaliyopangwa rafu juu ya rafu kama makopo ya peremende dukani. Chumba kina joto la bafuni, pampu zinanguruma mchana na usiku, na mwenye miwani akiingia anageuka kipofu kwa muda. Jioni Mkunga alitia dume na jike kwenye kibeseni kimoja, katikati akawawekea kizuizi. Asubuhi taa zikiwaka alikichomoa, na wale wawili, waliokuwa wamelala wakitazamana kama wachumba wanaolindwa na shangazi, walianza kukimbizana, na mayai yakadondoka chini kupitia wavu. Wavu una sababu yake: wazazi hawa wakiachiwa mayai, huyala.

"Wanapata watoto mia mbili kwa asubuhi moja, halafu wanawafanya kifungua kinywa," Mkunga alizoea kusema. "Mungu naye anajua kugawa."

Mayai aliyachuja kwa kichujio cha chai. Ndiyo, cha chai, cha sokoni. Chumba cha jirani kulikuwa na mashine zenye bei ya kuozesha mabinti wa mtaa mzima, lakini kwa kazi hii hakijapatikana chombo cha kukishinda kichujio cha chai. Kisha aliyatenga yaliyokufa, yale meupe kama jicho lenye mtoto wa jicho, na yaliyobaki, yaliyo angavu kama kioo, akampelekea Dakta.

Dakta alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kuandaa chai na kuisahau mpaka iote ukungu. Hakuwa na makuu. Mkunga akileta mayai, humsogezea kiti kwenye darubini na kumwambia, "Kaa, dada, utazame." Na cha kutazama kilikuwepo. Yai la samaki yule halina siri: unaona seli moja ikiwa mbili, mbili zikiwa nne, na kabla ya siku kuisha kuna kichwa, kuna mkia, kuna mgongo.

"Nani anaziambia pa kwenda?" Mkunga aliuliza siku za mwanzo.

"Zinaambiana zenyewe. Seli hii inatoa protini, ile inayo protini nyingine ya kuipokea, inakaa juu yake kama sikio. Ikisikia, inajua: mimi niwe mgongo, mimi niwe tumbo. Aliye karibu na mtoa habari anasikia sana, aliye mbali anasikia kidogo, na kwa kipimo hicho kila mmoja anajua yuko wapi."

"Kama harufu ya jikoni. Ikiwa kidogo, ni kwa jirani. Ikiwa kali, ni kwako na unaunguza."

Dakta alicheka mpaka akainua kikombe na kunywa ule ukungu.

Kulikuwa na ukoo mmoja wa samaki wenye mkanda mwekundu kwenye matangi yao. Ndio waliokuwa kazi kubwa ya Dakta, na ndio waliomvunja Mkunga. Katika samaki wa kawaida, moyo huanza ukiwa makundi mawili ya seli, moja kushoto, moja kulia. Makundi hayo husafiri, hukutana katikati, na hapo ndipo unapata moyo mmoja unaodunda. Lakini katika watoto fulani wa mkanda mwekundu safari haikufanyika. Lile sikio la protini lilikuwa bovu. Seli za moyo zenyewe hazikuwa na kosa; ni wenyeji wa njiani ambao hawakusikia habari, kwa hiyo hawakuwaandalia wageni njia. Basi kila kundi lilibaki lilipokuwa na kuanza kudunda peke yake. Mioyo miwili, kila mmoja upande wake, damu haina pa kwenda.

Mara ya kwanza Mkunga alipoiona alivua glavu, akatoka nje, akasimama karibu na mapipa ya taka akijifanya anapunga upepo.

Alikuwa na sababu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa akalia vizuri tu, watu wakaanza hata kugombania jina, na kabla ya jua kuzama akawa amekwenda. Wa pili alijitahidi wiki nzima. Wa tatu hakufika hata huko: daktari wa hospitali alimtazama kwenye picha ya kipimo akanyamaza kwa muda mrefu mno, na Mkunga, ambaye anakula kwa kutazama viumbe visivyozaliwa, aliutambua ukimya wa mtu anayetafuta kitu ambacho hakipo. Moyo. Wote watatu ilikuwa moyo.

Mumewe alikuwa seremala, na hivyo ndivyo kila mtu alivyomwita, hata mkewe anapotaka kumchokoza; siku nyingine alimwita Fundi. Mtu mrefu, mkimya, penseli sikioni hata akiwa anaoga, kama mkewe alivyokuwa akimsingizia. Visanduku vyote vitatu alivitengeneza mwenyewe. Fundi wa majeneza alikuwepo, tena mtaa huohuo, lakini Seremala alisema mtoto wake hatalala kwenye mbao za mtu mwingine. Alipiga randa mpaka ubao ukawa laini kama shavu, ingawa ulikuwa unakwenda ardhini ambako hakuna wa kuupapasa. Cha tatu kilikuwa kidogo mno, majirani walidhani anatengeneza sanduku la zana.

Basi siku ile, karibu na mapipa ya taka, Mkunga alipata wazo, na siku iliyofuata akamwuliza Dakta, "Wazazi wa hawa wenye mioyo miwili, mbona wenyewe wazima?"

Dakta alimtazama, akaelewa swali linatoka wapi, akaweka kalamu chini. "Kila mmoja ana nakala mbili za maelekezo ya kutengeneza lile sikio. Moja nzima, moja mbovu. Nzima inatosha, ndiyo maana anaogelea bila shida. Tatizo ni wakikutana wawili wa namna hiyo. Mtoto akiokota mbovu ya baba na mbovu ya mama, hana nzima. Katika watoto wanne, ni kama mmoja."

"Na watu?"

"Na watu pia, dada. Si lazima liwe sikio hilihili, yako mengi. Nendeni hospitali, mpimwe wote wawili. Wewe na yeye."

Walipimwa. Ikawa hivyo hivyo: yeye anayo nakala mbovu, na Seremala anayo, ileile. Daktari wa hospitali aliwaambia kwamba hakuna aliyekosea, hakuna alichokula wala alichobeba kizito, na kwamba kila mimba ni bahati mpya, tatu kwa moja ya kuwa salama.

"Mbona sisi tumepata ule mmoja mara tatu?" Seremala aliuliza.

"Bahati haina kumbukumbu, mzee. Haijui kwamba imeshawapiga."

Mkunga alitoka hospitali akitembea kama mtu aliyetuliwa gunia. Miaka yote hiyo alikuwa amejihukumu: labda ile ndoo niliyoinua, labda lile joto la chumba cha samaki, labda nina mkosi. Kumbe hakuna. Tena kuna tatu kwa moja. Njiani alimshika Seremala mkono mbele za watu, jambo wasilokuwa nalo, na Seremala akauacha ushikwe, lakini alitembea akitazama chini.

Sasa, kosa lililokuja baadaye ni kosa ambalo lisingeweza kufanywa na mtu mwingine yeyote isipokuwa mtu anayekula kwa chumba cha samaki.

Mama mkwe wake alikuja kuwatembelea. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mtu mwenye ulimi uliochongoka, na mwenye mwana mmoja tu. Baada ya salamu, na shikamoo, na marahaba, na habari za magoti yake, alitua kikombe.

"Mwanangu, kuna watu wanasema twende tukatazamiwe. Katika ukoo wetu hatujawahi kuzika watoto mfululizo hivi. Sikusemi wewe. Nasema tu."

Hakusemi, anasema tu. Mkunga alizijua hizo. Lakini safari hii hakuumia, kwa sababu alikuwa na jibu, na mtu mwenye jibu huwa na haraka ya kulitoa. Aliinuka akaenda kwenye karakana ya mumewe, iliyokuwa nyuma ya dirisha la sebule, akarudi na konzi ya skrubu. Za shaba na za chuma zenye kutu. Akazipanga mezani.

"Mama, tazama. Hizi mbili ni mimi. Moja nzima, moja ina kutu. Hizi mbili ni mwanao. Vilevile. Mtoto anachukua moja kwangu, moja kwake. Akichukua ya kutu mara mbili, basi. Si mkosi, si mkono wa mtu. Hata kwa samaki wangu iko hivihivi."

Alieleza vizuri. Hilo ndilo lililokuwa balaa. Angeeleza vibaya kidogo tu, kama Dakta anapoeleza kwa wageni wa wizara, mama mkwe angetikisa kichwa na kusema elimu ni bahari, mambo yakaisha. Lakini Mkunga alieleza kwa skrubu, taratibu, mpaka bibi yule aliyekuja na mashaka ya uchawi akazichukua zile skrubu na kuanza kuzipanga mwenyewe, mbili na mbili, kwa kidole kilichopinda.

"Kwa hiyo mwanangu naye anayo."

"Anayo, mama."

"Sitabisha. Na hao samaki wako, wale wenye moja ya kutu. Mkitaka wazae watoto wazima watupu, mnafanyaje?"

Na Mkunga, kwa furaha ya kusikilizwa, akajibu kabla ya kusikia alichoulizwa. "Ah, hiyo rahisi. Tunawatenganisha. Kila mmoja anapewa mgeni, asiye na kutu kabisa. Hapo hafi hata mmoja."

Nje, randa ya Seremala ilikuwa inakwenda na kurudi. Ikasimama.

Mama mkwe aliichukua skrubu moja ya shaba, safi, kutoka pembeni ya meza, akaiweka kando ya zile mbili za mwanawe. Alizitazama.

"Kumbe," alisema.

Mkunga alitamani kuurudisha ule mdomo wake uliotoka mbio. Maneno si skrubu, huyakusanyi kwa kiganja. "Lakini mama, hata sisi tuna tatu kwa moja, daktari amesema..."

"Nimekusikia, mwanangu. Sikutukani. Wewe ndiye umesema." Na kwa mara ya kwanza tangu aolewe pale, bibi yule alimshika shavu, kwa huruma ya kweli. Huruma ile ilimuuma kuliko matusi yote ya miaka ya nyuma. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na yeye alikuwa anaambiwa.

Siku ile Seremala alirudi kwenye randa yake. Alichonga viti sita vya mteja kwa bidii ya mtu anayedaiwa, na jioni akala bila kuinua macho. Ilichukua juma zima mkewe kumkamata, Jumapili, mchana, akiwa anapiga msasa meza na hana pa kukimbilia.

"Fundi. Sema."

"Nini?"

"Kile unachokipiga msasa."

Aliendelea kidogo, halafu akaacha. "Daktari alisema tatu kwa moja. Wewe ulifurahi."

"Wewe hukufurahi?"

"Wewe unawaona wale watatu wanaoogelea. Mimi namwona yule mmoja, kwa sababu yeye ndiye ninayempima." Alifungua mikono yake, akaonyesha urefu hewani bila kukusudia, akaishusha haraka. "Cha nne siwezi. Nikisikia una mimba, sitakaa nikingoja mtoto. Nitakaa nikiitazama mbao."

"Basi tusizae. Tukae hivihivi."

"Utakaa hivi wewe? Kila asubuhi unakwenda kuzalisha?"

Mkunga alichukua kipande cha msasa akakikunja. Angesema ndiyo, lakini alikuwa mtu asiyejua kumdanganya mtu huyu mmoja.

"Na si mimi tu," Seremala aliendelea, sauti chini. "Hata wewe. Ukipata mwingine, ungekuwa na watoto wako. Nami nakuzuia. Ulisema mwenyewe, hafi hata mmoja."

"Niliwasema samaki."

"Najua."

"Mimi si samaki, Fundi."

"Najua," alirudia, akalia hapo juu ya meza ya mteja, akaharibu msasa wote, na ilibidi mkewe aifute meza ile na kuipiga msasa upya huku yeye akikaa kwenye lundo la maranda kama mzigo ulioshushwa.

Kazini Mkunga alijaribu kuwa yuleyule. Getini alitukana wake za watu kama kawaida. Lakini siku moja Dakta alimwambia awatenge samaki wa mkanda mwekundu, kila mmoja apewe mgeni, ili ukoo upumzike. Mchana ukapita. Dakta alipokuja kuangalia alimkuta amesimama mbele ya rafu, kijiwavu mkononi, kibeseni kimoja bado kina wale wawili wa zamani.

"Kuna shida, dada?"

"Hakuna. Nawaza tu. Tunawatenga, tunawapa wageni, na wanakubali palepale. Wanakimbizana vilevile."

"Samaki hatuwaulizi," Dakta alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na alikuwa amesikia habari za nyumbani kwa Mkunga, akataka kuongeza neno la maana, akalitafuta, akalikosa, akachukua kijiwavu mkononi mwake na kuifanya kazi ile mwenyewe. Aliifanya vibaya, maji yakamwagikia viatu vyake. Mkunga hakumsaidia.

Mama mkwe hakupiga kelele wala hakutafuta mganga. Alimtafutia mwanawe mke asiye na kutu. Binti wa rafiki yake, mshonaji, mpole, mwenye ndugu wengi na wapwa wengi zaidi. Alimwomba hata akapimwe damu. Kutoka kwa nani alijifunza kuomba hivyo, kila mtu alijua. Seremala alikataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili, na mara ya tatu akanyamaza, na katika nyumba ile kunyamaza kwa mtu yule ndiko kulikokuwa kusema ndiyo. Kuoa wa pili na kukaa na wake wote wawili hakutaka. Alisema hawezi kumleta mtoto akae ukuta mmoja na Mkunga, naye amsikie mtoto wa mwenzake akilia. Mkunga alimwambia huo ndio wema wake wa mwisho na ndio mbaya kuliko yote.

Basi wakaachana, na Seremala akaja kuchukua vitu vyake Jumamosi asubuhi, na mkokoteni. Zana, nguo chache, meza ya kazi. Mkunga alimkunjia mashati. Waliongea kama watu wanaofunga duka: hiki chako, hiki changu, hiki nani alinunua. Kikabaki kitanda.

Kitanda kile Seremala alikitengeneza wiki ya kwanza ya ndoa, humohumo chumbani, kwa mbao alizokuwa amezitunza tangu akiwa mwanafunzi wa fundi. Kilikuwa kipana, kizito, bila msumari hata mmoja, kila kiungo kimeingizwa na kutiwa gundi. Kilikuwa kipana kuliko mlango.

"Hiki baki nacho," alisema.

"Sikitaki."

"Utalalia nini?"

"Nitajua. Toa."

Alikizunguka, akainama, akagonga kiungo kimoja kwa kiganja, akagonga kingine. Alisimama na mkono kiunoni. "Hakifunguki. Nilikiunganisha kisifunguke."

"Basi kata."

"Mbao hii?"

"Kata, Fundi. Mimi sitalala humo peke yangu, na wewe huwezi kumlaza mwingine. Kata tukitoe."

Alitoka, akarudi na msumeno. Akachora mstari kwa penseli, kwa uangalifu, kana kwamba kuna mteja atakayekuja kukagua. Mkunga, bila kuambiwa, akazunguka upande wa pili akaushika ubao wa pembeni kwa mikono yote miwili, kama alivyomshikia mbao miaka yote, ili usitetemeke, ili usipasuke mwishoni.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Usiachie mpaka nikuambie."

Msumeno ukaanza. Unga mwekundu wa mbao ukadondoka kwenye sakafu ambayo Mkunga alikuwa ameipiga deki asubuhi ile. Alikata taratibu kuliko alivyokata mbao yoyote, na alipofika karibu na mwisho akapunguza zaidi, kisha ubao ukaachana, na kile kipande cha upande wake kikalala sakafuni. Seremala akaufuta msumeno kwa suruali. Akabaki ameinamia jino la msumeno kana kwamba linataka kunolewa.

Mkunga alikuwa bado ameshika upande wake. Alikuwa anangoja aambiwe.